Kivuli cha Ghorofa Kinakwenda kwa Nani?

Hotuba kwa wanafunzi wa usanifu majengo na watengenezaji wa picha za kompyuta, Dar es Salaam

Ndugu walimu, ndugu wanafunzi, na nyinyi wenzangu ambao riziki yenu inatokana na kutengeneza picha za majengo ambayo bado hayajasimama, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuweka jengo, gari, kiti au kitu chochote kilichoundwa kwenye kompyuta ndani ya picha halisi iliyopigwa kwa kamera, mpaka mtazamaji ashindwe kusema kipi kilikuwepo na kipi kimeongezwa. Karibu muda wangu wote nitautumia kwenye kivuli. Nimeona modeli nzuri sana, zenye vitasa vya milango na nyufa za plasta, zikielea juu ya ardhi kama maputo kwa sababu kivuli chake kilipakwa kwa brashi usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kuonyesha jengo la ghorofa tatu, lenye kimo cha mita 12, likiwa limesimama kwenye kiwanja kimoja upande wa Kigamboni. Picha ya kiwanja niliipiga mwenyewe katikati ya Julai, saa sita na nusu mchana, nikiwa barabarani. Nilirudi ofisini, nikaiweka modeli mahali pake, nikatumia mpangilio wa taa niliokuwa nimejifunza kwenye masomo ya mtandaoni yaliyotengenezwa Ulaya, nikasubiri kompyuta imalize kazi yake, nikaridhika. Mteja naye aliridhika. Picha ikachapishwa kubwa, ikapelekwa kwa majirani ili waone kitakachojengwa.

Jirani wa upande wa kusini alikuwa mzee mmoja ambaye ua wake ulitenganishwa na kiwanja kile kwa michongoma tu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaishika ile picha kwa mikono miwili na kuitazama kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyekuwa ameitazama kabla yake. Kisha akaweka kidole kwenye nguzo ya umeme iliyokuwa pembeni. "Mwanangu," alisema, "kivuli cha nguzo kinakuja kwangu. Hiki cha ghorofa lenu kinakwenda kwa nani?"

Nguzo ilikuwa ya kweli. Kamera iliikuta pale, na kivuli chake kifupi kilielekea kusini. Jengo langu lilitupa kivuli chake kaskazini. Katika picha moja nilikuwa nimewasha majua mawili, na hakuna aliyeliona hilo, si mimi, si mteja, si msanifu, mpaka picha ilipofika kwa mtu ambaye ameishi na jua la mahali pale kwa miaka mingi na ambaye kivuli kile kilimhusu.

Uzembe ulikuwepo, lakini nyuma yake kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Karibu kila somo la kazi yetu limeandikwa na watu wanaoishi kaskazini mwa dunia, ambako jua la mchana liko kusini mwaka mzima na kivuli cha mchana hulala kaskazini. Jijini London, katika siku fupi za Desemba, jua la saa sita hupanda nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho, hivyo jengo la mita 12 hutupa kivuli cha mita 45 hivi. Hapa Dar es Salaam tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua hutupita juu kichwani kwenda na kurudi. Mwezi Juni mchana liko kaskazini yetu, kwenye kimo cha nyuzi 60, na jengo lile lile hutupa kivuli cha mita 7 kuelekea kusini. Mwezi Desemba liko kusini yetu, na kivuli ni cha mita tatu na nusu au zaidi kidogo, kikielekea kaskazini. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la mchana liko utosini kabisa na nguzo iliyonyooka haina kivuli hata kidogo. Mtu aliyezoea picha za huko ataona kivuli kifupi kilichojikunja chini ya gari akadhani kimekosewa, akakirefusha ili kipendeze. Anapofanya hivyo amelihamisha gari kutoka Kariakoo na kulipeleka mji mwingine, ingawa nyuma yake bado yanaonekana maduka ya Kariakoo.

Kwa hiyo kazi ya kivuli inaanza kiwanjani, kabla kompyuta haijawashwa. Saa ya kwenye kamera inasaidia, ila jihadharini nayo. Saa yetu ya Afrika Mashariki imewekwa kwa kufuata longitudo ya nyuzi 45, wakati Dar es Salaam iko kwenye nyuzi 39 na ushei, hivyo jua letu hufika juu kabisa kwa wastani saa sita na dakika 23, na kutegemea mwezi huweza kuwa mapema kama saa sita na dakika 6 au kuchelewa mpaka saa sita na dakika 37. Anayeandika saa sita kamili kama mchana wa jua atakuwa amekosea mwelekeo wa kivuli, hasa katika miezi ambayo jua liko karibu na utosi na mwelekeo unageuka haraka. Mimi sasa hubeba timazi ya fundi, ile ile ya kunyooshea ukuta. Naining'iniza kwenye stendi ya kamera, napima kwa futi kamba urefu wa uzi kutoka fundo hadi ardhini na urefu wa kivuli chake, nasoma mwelekeo kwa dira. Kazi hiyo haimalizi dakika tatu, na vipimo hivyo vinatosha kuliweka jua la kompyuta pale lilipokuwa jua la Mungu.

Mwelekeo ukishapatikana, bado kivuli kina mambo mengine ya kusema. Nendeni mkasimame chini ya mwembe mchana na mtazame madoa ya mwanga yaliyotapakaa mchangani. Majani yana pembe, matundu kati yao hayana umbo maalumu, lakini madoa yale ni duara. Ni duara kwa sababu kila doa ni picha ya jua, iliyopita kwenye tundu dogo kama inavyopita kwenye kamera ya sanduku. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na kubaki pete huko Rujewa, mkoani Mbeya, aliyetazama chini ya mti badala ya juu aliziona pete hizo hizo zimetandazwa ardhini. Ukingo wa kivuli nao umetokana na jambo hilo hilo. Jua si nukta; kwa macho yetu lina upana wa nusu nyuzi, na kwa hiyo ukingo wa kivuli hupanuka kadiri kitu kinachokizuia kilivyo mbali na mahali kivuli kinapoangukia, kwa kiasi cha sentimeta moja hivi kwa kila mita moja. Kivuli cha kizingiti cha mlango kinaangukia karibu, hivyo ukingo wake ni mkali kama umekatwa kwa wembe. Kivuli cha ukingo wa paa la jengo la mita 12, kikifika chini, kina ukungu wa sentimeta 15. Hapa ndipo brashi inapotuumbua, maana mwenye brashi huchagua ulaini mmoja na kuupaka kutoka miguuni mwa kitu hadi mwisho wa kivuli chake, wakati kivuli cha kweli huanza kikali penye mguu na kulegea kinavyokwenda mbali.

Kuhusu weusi wake, naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona kazi nyingi za vijana wetu zikiharibika. Kivuli cha mchana wa wazi si cheusi. Jua likizibwa, anga lote la buluu linaendelea kumwaga mwanga, na ardhi iliyo kivulini mara nyingi bado inapata kiasi cha sehemu moja ya tano hadi sehemu moja ya kumi ya mwanga wote. Ndiyo maana kivuli kina rangi ya ubuluu ubuluu juu ya mchanga mweupe. Sasa chukulieni pikseli, yaani nukta moja ya picha, iliyoangukia kwenye mchanga na yenye thamani ya 200 kati ya 255 (0 ni nyeusi, 255 ni nyeupe kabisa), na kivuli kinachobakiza sehemu moja ya tano ya mwanga. Wengi wataigawa 200 kwa 5 na kupata 40, nao watapata shimo jeusi. Thamani zile za pikseli si kiasi cha mwanga. Zimekunjwa ili zifae kwenye kioo cha kompyuta, na ndiyo maana thamani ya 128, ambayo inaonekana kama nusu, ni kama asilimia 22 tu ya mwanga. Ukiikunjua 200 irudi kuwa mwanga, ukaigawa kwa tano, kisha ukaikunja tena, unapata 95. Tofauti ya 40 na 95 ndiyo tofauti ya kivuli kilichobandikwa na kivuli kilicholala. Kwa sababu hiyo piga picha zako katika faili ghafi, ambayo kamera haijaipamba, na hesabu zote za mwanga zifanyike kabla ya kukunja. Tena, ili usikisie kama ni sehemu moja ya tano au ya kumi, weka kadi ya kijivu, ile ya wapiga picha ya kupimia mwanga, juani na uipige picha, kisha izibie jua kwa mwili wako ukiwa umesimama mbali kidogo, uipige tena bila kubadilisha mpangilio wowote wa kamera. Uwiano wa picha hizo mbili ndio giza la kivuli cha siku ile, mahali pale.

Njia ya kuukusanya mwanga wa mahali na kuutumia kuangazia kitu kisichokuwepo ina historia inayofaa kujulikana. Mwaka 1997 Paul Debevec na Jitendra Malik, wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha namna ya kuunganisha picha kadhaa za mahali pamoja, zilizopigwa kwa shata, yaani mlango wa kamera unaoingiza mwanga, ya haraka na ya polepole, zikawa picha moja inayotunza kiasi halisi cha mwanga, kuanzia pembe yenye giza hadi kwenye taa yenyewe. Mwaka uliofuata Debevec alipiga kwa namna hiyo picha ya tufe linaloakisi kama kioo, lililowekwa pale pale ambapo kitu cha kompyuta kingekaa. Ndani ya tufe hilo kuna karibu kila kitu kinachokizunguka mahali pale: anga, ukuta wa jirani, mti, ardhi, hata mpiga picha mwenyewe. Ukiifungua picha hiyo na kuizungushia modeli, kila upande wa modeli unapokea mwanga wa upande wake. Anayeweza kupata tufe la chuma lililosuguliwa vizuri, au hata pambo la mti wa Krismasi lisilo na mikwaruzo, ana chombo cha kuanzia. Juani kuna tatizo moja: jua ni kali kiasi kwamba hata shata ya haraka kabisa hulirekodi kama doa jeupe lisilo na kipimo. Mimi hulifuta doa hilo na kuweka mahali pake taa ya jua yenye upana wa nusu nyuzi, mwelekeo nikiutoa kwenye timazi na nguvu yake nikiitoa kwenye ile kadi ya kijivu.

Katika kazi hiyo hiyo ya mwaka 1998, Debevec alieleza pia jinsi ya kukiingiza kivuli kwenye picha bila kuichora ardhi upya. Unaunda mfano wa ardhi ya pale, na wa vitu vya jirani vitakavyoguswa na kivuli, kwa maumbo ya kawaida yenye rangi inayokaribiana na ya kweli. Kompyuta inatoa picha mbili za mfano huo, moja ikiwa na jengo lako na nyingine bila jengo. Unatoa ya pili kutoka ya kwanza. Kinachobaki ni mabadiliko tu: mwanga ambao jengo limeuzuia, na mwanga ambao jengo limeuongeza kwa kuakisi. Mabadiliko hayo ndiyo unayoyajumlisha kwenye picha ya kamera, na kila jiwe, jani na alama ya tairi iliyokuwepo inabaki ilivyo. Programu za leo zimeurahisisha utaratibu huu. Blender, ambayo ni programu huria tangu mwaka 2002, ilipewa mwaka 2017 uwezo wa kuweka bamba lisiloonekana ambalo kazi yake ni kupokea kivuli peke yake. Hakuna kijana hapa anayezuiwa na bei.

Lakini bamba hilo halijui kilichomo kwenye picha yako. Kama kuna mwarobaini wa kweli unaotupa kivuli pale pale ambapo kivuli cha jengo kinapita, bamba litaweka kivuli juu ya kivuli, na mahali pale patakuwa na giza maradufu, jambo ambalo jua haliwezi kulifanya, kwa kuwa mwanga ukishazuiwa na mti hauwezi kuzuiwa tena na ukuta. Dawa ni kuuweka mwarobaini nao kwenye mfano wako, hata kwa umbo la ovyo ovyo, ili katika zile picha mbili kivuli chake kiwepo kote na kijifute chenyewe. Kwenye michongoma ya yule mzee nilihitaji hivyo hivyo: kivuli hakikatizi ua kikiwa kimenyooka kama mstari wa rula, bali hupanda upande mmoja, hupita juu ya majani, kisha hushuka upande wa pili, na bila umbo la michongoma kwenye mfano kingelala bapa kana kwamba ua haupo.

Si kila mahali pana jua. Wanaofanya kazi Mji Mkongwe wa Zanzibar wanajua kwamba katika vichochoro vile jua hugusa ardhi kwa muda mfupi tu, na saa nyingine zote mwanga unatoka kwenye utepe wa anga ulio juu na kwenye kuta za chokaa zinazorushiana mwanga. Ukiweka pale kigari cha mkono na kukipa kivuli chenye mwelekeo, umeharibu. Kinachokishikilia chini ni giza jembamba linalojibana mahali gurudumu linapogusa sakafu, upana wa kidole au viwili, na giza pana, hafifu sana, chini ya bodi yake. Ukitazama kwa karibu utaona pia kwamba upande wa chini wa bodi si mweusi: umepata rangi ya sakafu iliyo chini yake na weupe wa ukuta ulio karibu. Huko bara kwenye udongo mwekundu, tumbo la gari jeupe huwa jekundu. Nikiona gari jeupe lenye tumbo la kijivu juu ya barabara ya vumbi, sihitaji kutazama kingine.

Mambo ya kamera nayapitia upesi, maana mnafundishwa vizuri darasani. Urefu wa fokasi ya lenzi na kimo cha kamera lazima vilingane na vya picha, la sivyo upeo wa macho utakusaliti. Chembechembe za picha, ukungu wa vumbi au wa unyevu wa pwani kwa vitu vilivyo mbali, na ulaini mdogo wa lenzi kwenye pembe, vyote viwekwe kwenye modeli na kwenye kivuli chake pia. Kivuli kisafi juu ya mchanga wenye chembechembe kinajulikana mara moja.

Siku hizi kuna zana zinazokuwekea kitu kwenye picha pamoja na kivuli kwa sekunde chache, bila kukuuliza mwezi wala saa. Nimezitumia kwa matangazo ya bidhaa ndogo na zimenifaa. Kwa picha ya jengo litakalosimama karibu na nyumba ya mtu sizitumii, kwa sababu zinatoa kivuli kinachofanana na vivuli, nami ninachotakiwa kukionyesha ni kivuli cha jengo lile, juu ya ardhi ile, katika mwezi unaojulikana. Picha ya namna hiyo ni kauli kuhusu jambo litakalotokea, na mwenye kuathirika ana haki ya kuiamini.

Nilirudi kwa yule mzee baada ya wiki mbili nikiwa na picha nyingine. Safari hii kivuli cha ghorofa kilikwenda sambamba na cha nguzo. Jengo lilipangwa kuwa mita tatu kutoka kwenye michongoma, na kivuli cha mchana wa katikati ya Julai kilikuwa cha mita sita na nusu, hivyo kiliuvuka ua na kuingia kwake mita tatu na nusu. Nilishika ncha moja ya futi kamba penye michongoma, yeye akashika nyingine na kurudi nyuma hadi nilipomwambia asimame. Alisimama kwenye jamvi la muhogo uliokuwa umeanikwa. Akaniuliza Desemba kitakuwa wapi, nikamwambia kitakuwa upande wa pili wa jengo, hakitamfikia. Akaniuliza kitaanza lini kuuvuka ua na kitaacha lini. Nilikaa kwenye baraza yake nikapiga hesabu kwenye daftari: mchana kitauvuka kuanzia wiki ya pili ya Aprili hadi mwanzoni mwa Septemba.

"Humo ndimo ilimo miezi ya kuanika," alisema, kisha akaomba nimwachie ile picha.